Usianze na poti: majibu ya maswali yenu ya swichi

Habari wakuu. Leo najibu ya swichi za ofisini tu, yani vile visanduku vya kuunganisha kompyuta na kamera kwa waya, na poti ni yale matundu yake ya kuchomekea, maana wengi mnakaribia kununua na karibu kila mtu anaanza na "nataka ya poti ngapi", wakati poti ndo kitu cha mwisho kuangalia. Kwanza jua nini kitachomekwa kwenye hizo poti, kinakula wati ngapi, na siku mtandao ukigoma nani ataweza kuingia ndani ya swichi aone kuna nini. Haya twende.

Shikamoo fundi. Nina gesti Paje, swichi ya PoE poti 8, nimechomeka kamera 6 na akses pointi 2 za kurusha waifai. Mchana kila kitu safi, giza likiingia kamera mbili zinazima, zinawaka, zinazima. Fundi wangu kasema mbovu, nimebadilisha zote mbili na bado.

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hiyo hela, maana kwa dalili hizo zile kamera za kwanza zilikuwa nzima kabisa. Hapo shida ni bajeti ya PoE, yani ule umeme ambao swichi inapeleka kwenye vifaa kupitia waya huo huo wa mtandao. Swichi kuwa na poti 8 haimaanishi zote zitapata umeme wa kutosha kwa pamoja, kuna jumla ya wati ambayo swichi nzima inaweza kutoa na imeandikwa kwenye kibandiko au kwenye karatasi iliyokuja nayo. Tuseme yako ni wati 65. Mchana kamera moja ikila wati 4, sita ni 24, akses pointi mbili za 12.5 kila moja ni 25, jumla 49, inatosha. Usiku kamera zinawasha zile taa za infraredi ili zione gizani, kila moja inapanda tuseme hadi 7.5, sasa sita ni 45, weka na zile 25 unapata 70, umeshapitiliza. Swichi inakata poti yenye kipaumbele cha chini, mara nyingi zile za namba kubwa, kamera inazima, mzigo unapungua, swichi inairudishia umeme, taa zinawaka, mzigo unapanda, inakata tena, na mchezo ndo huo mpaka asubuhi.

Leo usiku chomoa akses pointi moja tu. Kamera zikitulia, jibu umelipata. Ukienda kununua nyingine chukua wati za juu kabisa zilizoandikwa kwenye kila kifaa, jumlisha, halafu ongeza robo, kwa mfano huu ni kama wati 88, kwa hiyo tafuta swichi yenye bajeti ya 90 kwenda juu. Usichanganywe na herufi za viwango vya PoE: af ya mwaka 2003 inatoa wati 15.4 kwa poti, at ya 2009 inatoa 30, bt ya 2018 inafika 90, kamera kama zako af inazitosha vizuri. Na kebo iwe ya shaba tupu, ile ya aluminiamu iliyopakwa shaba juu ni rahisi dukani lakini kwenye mita 70 au 80 inapoteza umeme njiani. Kwa vile uko ufukweni, swichi isikae barazani, chumvi inakula zile pini za poti taratibu.

Tuna SACCOS Mwanza, kompyuta 14. Nimepewa bei mbili, swichi ya kuchomeka tu ya poti 16 na manejidi ya poti 24 ambayo ni karibu mara tatu ya bei. Bodi inaniuliza kwa nini tulipe zaidi.

Waambie bodi hivi: kwenye swichi ya kuchomeka tu, kompyuta ya mhasibu, kamera, na simu ya mgeni aliyepewa paswodi ya waifai wote wako chumba kimoja. Manejidi (ile unayoweza kuingia ndani ukaiseti) inakupa VLAN, yani unajenga kuta humo humo ndani ya swichi moja, wahasibu upande wao, kamera upande wao, wageni intaneti tu. Ila ukuta usiosetiwa haupo, kwa hiyo kwenye mkataba wa fundi iandikwe kabisa kwamba ataseti, na paswodi ya swichi ibaki kwenu.

Kitu cha pili hakisemwi sana ila kinatesa sana ofisi ndogo. Mfanyakazi analeta ruta yake ya nyumbani, anaichomeka kwa nia njema tu aongeze waifai, ile ruta inaanza kuzigawia kompyuta anwani zake za mtandao, nusu ya kompyuta zinakosa mfumo na hakuna anayejua kwa nini. Manejidi nyingi zina DHCP snooping, unaiambia ni poti moja tu inayoruhusiwa kugawa anwani na zingine zikijaribu zinazibwa. Kwa taasisi inayoshika hela za wanachama mimi nisingejadili mara mbili, chukueni ya 24.

Boss, kuna jamaa Luthuli Avenue, Nairobi, ananiuzia Cisco Catalyst 2960 ya poti 24, mtumba, bei poa sana. Nichukue?

Soma namba yote ya modeli kabla hujatoa pesa. Ikiwa ni WS-C2960-24TT-L, zile poti 24 ni za megabiti 100, gigabiti ni mbili tu za pembeni. Kama umefungiwa faiba ya megabiti 200 hakuna kompyuta yako hata moja itakayoziona zote, na kunakili faili kwenda kwenye seva ndo utachoka kabisa. 2960-X poti zake ni gigabiti, hiyo hata mtumba ni mashine ya kazi.

Lakini zile 2960 za kwanza zimeshatoka kwenye sapoti, hazipati fimwea mpya (programu ya ndani ya swichi), na nyingi zina huduma inaitwa Smart Install ya kuseti swichi kwa mbali, inayosikiliza kwenye TCP 4786 (huo ni mlango wa kiprogramu, sio tundu la waya), ambayo mwaka 2018 ilitangazwa kuwa na tundu kubwa la usalama. Ukiinunua futa setingi zote za mwenye nayo wa kwanza, andika amri ya no vstack ya kuizima hiyo huduma, na usiiweke kabisa mahali inapoonekana kutoka intaneti.

Lab yetu ya shule Arusha mtandao unakufa wote kwa pamoja, taa za swichi zinapepesa zote kwa kasi moja. Tukizima na kuwasha inarudi dakika moja halafu tena. Swichi imekufa?

Haijafa mwalimu, hiyo ni lupu. Kuna kebo imechomekwa ncha zote mbili kwenye swichi hiyo hiyo, au swichi mbili zimeunganishwa kwa kebo mbili. Pakiti ya Ethernet haina kikomo cha kuzunguka, ile inayotumwa kwa wote ikiingia kwenye duara inazunguka na kujizidisha mpaka hakuna nafasi ya kitu kingine. Niliwahi kushinda ofisini kwa mteja toka asubuhi mpaka saa tisa alasiri, nimebadilisha ruta, nimegombana na watu wa intaneti, kumbe mfanya usafi aliona waya unaning'inia chini ya meza akauchomeka kwenye tundu lililokuwa wazi ukutani ili pasionekane pachafu. Hakukosea yule mama, aliyekosea ni aliyefunga swichi isiyojikinga.

Dawa yake ipo siku nyingi, Radia Perlman alibuni spanning tree, inayofunga njia ya ziada ili duara lisitokee, mwaka 1985 akiwa kampuni ya DEC, na manejidi karibu zote zinayo. Hakikisheni imewashwa. Kwa leo chomoa kebo moja moja mpaka taa zitulie, ile ya mwisho kuchomoa ndo mwanaharamu.

TP-Link Omada, UniFi, MikroTik, Aruba Instant On, ipi bora?

Inategemea nani atakaa nayo. MikroTik kwa hela yake inakupa vitu vingi kuliko zote hapo, CRS326 kwa mfano ina poti 24 za gigabiti na mbili za SFP+ (matundu ya moduli za faiba) za gigabiti 10, lakini inataka mtu anayeijua, na usiifanye kuwa ruta, prosesa yake ni ndogo. Omada na UniFi ni nzuri ukichukua familia nzima, swichi na akses pointi, unaziona zote kwenye skrini moja, na kontrola, yani kifaa au programu inayoziongoza, ikizima swichi zinaendelea na kazi. Instant On unaiendesha kwa simu bila leseni ya mwaka, ofisi isiyo na mtu wa IT mimi ningeanzia hapo. Meraki ya Cisco ni safi ila inakwenda kwa leseni, iweke kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Sanduku limeandikwa 48 Gbps ila poti ni 24 za gigabiti. Nimeibiwa?

Hapana. Kila poti inatuma na kupokea kwa wakati mmoja, 24 mara 2 ni 48. Angalia pia 35.7 Mpps, yani pakiti milioni 35.7 kwa sekunde, ukiiona swichi haitajibana yenyewe.

Ghala letu liko mita 180 kutoka ofisini, fundi anasema avute Cat6 tu.

Kebo ya shaba mwisho wake ni mita 100. Kuna swichi za kamera zenye kitufe kidogo cha "Extend" kinachofikisha mita 250 lakini kwa kushuka hadi megabiti 10, hiyo ni ya kamera, sio ya ghala lenye kompyuta. Vuta faiba, nunua swichi mbili zenye SFP na moduli mbili zinazofanana, na faida nyingine faiba haipitishi umeme, radi ikipiga upande wa ghala haitasafiri kwenye waya mpaka kwenye seva yako.