Peni isiyo na mfalme

Swali: Kwenye debe la vyuma chakavu sokoni Kibuye, hapa Kisumu, nimepata sarafu ya shaba. Upande mmoja una kichwa cha mwanamume, na maneno "Professor Holloway London". Wa pili una mwanamke ameketi, nyoka, na mwaka 1857. Ni pesa ya nchi gani? Niisafishe kwa ndimu?

Jibu: Ndimu iweke mbali kwanza. Hiyo si pesa ya nchi yoyote. Ni tokeni, sarafu ya mfanyabiashara. Thomas Holloway aliuza vidonge na malhamu London (uprofesa alijipa mwenyewe), na mwanamke huyo ni Hygieia, mungu wa afya wa Wagiriki.

Tokeni zake zilizunguka Australia, ambako chenji ya shaba ilikuwa haba hata wenye maduka wakajichapishia. Annand, Smith & Co. wa Melbourne walianza 1849. Mwenye duka alilipia shaba na uchapaji, kisha akaitoa kama peni nzima, 12 kwa shilingi. Iliyobaki ni faida, na jina la duka likatembea bure mifukoni mwa watu. Koloni la Victoria lilizipiga marufuku 1863, la New South Wales 1868. Huku kwetu serikali ya kikoloni ilitoa senti zake yenyewe, na haikufanikiwa mara moja: ile ya alumini ya 1907 ililiwa na unyevu, 1909 ikaja ya shaba-nikeli.

Pima upana: peni ni milimita 34 hivi, nusu peni 28. Sumaku ikiishika, ni bandia. Zungusha ukingo, ukiona mstari wa kiungo, imemiminwa kwenye kalibu, ilhali halisi hupigwa kwa muhuri. Azima kioo cha sonara utafute "J. MOORE", jina la mchongaji, chini ya shingo. Likikosekana usiitupe, huenda limesagika.

Asidi ya ndimu hula lile tabaka la kahawia na kuacha wekundu kama waya mpya wa stima. Mnunuzi huutambua papo hapo, na tabaka halirudi. Loweka kwenye maji ya betri (yale yaliyosafishwa, si asidi!), ubadilishe kila siku kwa wiki, kisha kausha kwa kubonyeza kitambaa, bila kusugua. Kutu ya kijani loweka kwa mafuta ya cherehani wiki kadhaa, uing'oe kwa kijiti cha meno. Hifadhi kwenye bahasha ya karatasi. Plastiki laini hutoa ute wa kijani.

Bei? Tokeni za Holloway si adimu. Kama nywele na magamba ya nyoka bado yanaonekana, ina soko; ikiwa imetobolewa ivaliwe shingoni, usitarajie mengi.