Kitabu kikirudi, jina lifutike

Siri za wasomaji wa maktaba haziibwi sana na wadukuzi. Zinasomwa kaunta, mchana kweupe. Chukua kaunta buku la kuazimisha: jina, simu, kitabu, tarehe, sahihi. Anayesaini mstari wa 15 anasoma mistari 14 ya juu yake huku akitafuta kalamu. Aliyeazima kitabu cha talaka yumo, wa kitabu cha VVU yumo, na Tabora ni mji wa watu kujuana. Habari ya kaunta ya asubuhi, jioni iko kata ya Ng'ambo.

Dawa yake ni kongwe kuliko kompyuta: mfumo wa Browne, ambao tunaona uliachwa mapema mno. Kila kitabu kinakuwa na kadi ndogo ya manila yenye namba na jina la kitabu, imekaa kwenye mfuko uliogundishwa ndani ya jalada la nyuma. Msomaji naye ana vibahasha vyenye jina lake, idadi sawa na vitabu anavyoruhusiwa. Akiazima, kadi ya kitabu inachomekwa kwenye kibahasha chake, vyote vinapangwa kwenye trei kwa tarehe ya kurudisha. Akirudisha, kadi inarudi kitabuni, kibahasha kinarudi kwake. Hakuna mstari unaobaki. Mfumo huharibika pale muhuri wa tarehe ya kurudisha, unaogongwa kitabuni, usipobadilishwa asubuhi: kitabu kinaonyesha jana, kadi imepangwa leo, na foleni nzima inasubiri utafute. Trei ielekee kwa mkutubi, si kwa wateja.

Kama kaunta buku ni lazima, andika namba ya uanachama tu, na orodha ya namba na majina ifungiwe kwenye droo. Wakati wa kusaini, funika ukurasa kwa manila iliyokatwa dirisha la mstari mmoja.

Wenye Koha, programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba, wasijidanganye kwamba kompyuta inasahau. Kitabu kikirudi, muamala unahamia jedwali la old_issues, la miamala iliyokwisha, na jina linakwenda nao. Tengeneza mwanachama bandia asiyeazima chochote, kisha ingiza namba yake kwenye mpangilio wa AnonymousPatron. Hapa wengi hukosea: inatakiwa namba ya ndani ambayo mfumo humpa mwanachama, si namba ya kadi. Baada ya hapo, endesha kazi ya kuondoa majina kwenye miamala iliyokwisha kabla ya tarehe utakayochagua. Nakala rudufu za zamani, zikiwemo zile za kwenye flashi, bado zina majina. Zina zamu yake ya kufutwa.

Takwimu hazihitaji jina. Ripoti ya mwezi ikisema vitabu vya namba 616, yaani vya magonjwa katika mpangilio wa Dewey, viliazimwa mara ngapi, inatosha kuombea fedha za vitabu hivyo.

Ujumbe wa kukumbusha waliochelewa useme "una kitabu 1 cha kurudisha", usitaje kitabu. Simu nyingi zinashikwa na nyumba nzima. Orodha ya wadaiwa isibandikwe mlangoni wala kurushwa kwenye kundi la WhatsApp.

Mzazi, mwalimu wa nidhamu au askari akiuliza fulani anasoma nini, wa kaunta asijibu. Ombi lije kwa maandishi kwa msimamizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zisitunzwe kupita muda unaohitajika kwa lengo lake. Rekodi ambayo haipo haiombwi.

Mabuku yaliyojaa yasiuzwe kwa kilo, yakaishia kufungia karanga stendi. Kufuta kwa maka peni hakusaidii, inua karatasi kwenye mwanga uone. Yachome, lakini chana kurasa kwanza: buku lililofungwa huungua kingo tu, katikati majina yanabaki yanasomeka.