Masta ya uuguzi onlaini, cheti kitakubalika?

SWALI: Mi ni nesi mwenye digrii, napiga shifti za usiku. Nataka masta onlaini ila naogopa cheti kisije kikakataliwa.

JIBU: Hofu yako ina msingi kabisa dada. Kabla hujalipa ada, ulizia baraza la wauguzi la kule unakotaka kufanya kazi kama wanakitambua hicho chuo, na wakujibu kwa maandishi. Lekcha utasikiliza hata kwenye simu ukitoka shifti, lakini ukisomea mambo ya kuhudumia wagonjwa, mfano ukunga, masaa ya vitendo lazima uyafanye wodini, umesimama pembeni ya kitanda na msimamizi anakusainia kitabu, kwahiyo uliza mapema nani anakutafutia nafasi maana vyuo vingine vinakuachia mwenyewe na hapo ndo wengi wanakwama. Matroni naye mwambie mapema, wiki ya mitihani asikupange usiku.