Hesabu inasema omu 0.07, multimita inasoma 0.4

Ndugu, umeuliza kwa nini multimita inasoma omu 0.4 kwenye waya wako wakati hesabu inatoa 0.07. Hesabu yako iko sawa. Waya wa shaba wa mita 10, wa milimita za mraba 2.5, una ukinzani (kiasi unavyozuia mkondo wa umeme, hupimwa kwa omu) wa karibu omu 0.069. Hiyo 0.4 ni waya wako pamoja na nyaya za multimita na pale klipu zinapogusa shaba. Gusanisha ncha mbili za multimita zenyewe uone kama inasoma sifuri. Kutoa namba utakayoiona hapo kwenye jibu husaidia kidogo tu, maana mguso hubadilika kila ukibana upya.

Tumia njia ya nyaya nne, ile ya Kelvin: nyaya mbili zipitishe mkondo, mbili nyingine zipime volti. Pitisha mkondo wa ampea 1 kutoka kwenye pawa saplai yenye kikomo cha mkondo, ammita (kipima mkondo) ikiwa kwenye njia hiyo. Voltimita iguse shaba yenyewe, upande wa ndani wa klipu za mkondo, wala si juu ya klipu. Hapo ndipo wengi wanaharibu! Voltimita karibu haivuti mkondo, kwa hiyo ukinzani wa nyaya zake hauingii kwenye jibu. Utasoma kama milivolti 69; gawa kwa ampea 1 upate omu 0.069. Urefu wa kuweka kwenye hesabu ni ule ulio kati ya ncha za voltimita.

Geuza mwelekeo wa mkondo, soma tena, chukua wastani wa namba hizo mbili bila kujali alama ya kutoa. Na tafadhali andika halijoto: ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi, na majedwali mengi ni ya nyuzi 20.