Mtoto Anavimba Mikono, Kila Mara Anaambiwa Ni Malaria

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mtoto wa kiume wa mwaka 1 na miezi 10. Mpaka miezi 7 alikuwa mnene na mchangamfu, kliniki kila mwezi uzito unapanda. Alipoingia mwezi wa 8 viganja vyake vilivimba ghafla, hata kushikwa hataki. Zahanati wakamtoboa kidole, wakasema malaria, akapewa mseto. Tangu hapo ni homa kila baada ya wiki 3 au 4, mara avimbe mikono, mara miguu. Mara mbili nimeambiwa ana damu chache, ya mwisho ilikuwa 6.8. Macho yana unjano ambao wengine wanauona na wengine hawauoni. Nimemnywesha chupa 3 za dawa ya kuongeza damu, sioni mabadiliko. Mama mkwe anasema nimembemenda mtoto. Sasa ana kilo 10. Hiki ni nini?
*Mama wa Sengerema*

JIBU: Marahaba, mama. Homa, kuvimba, macho ya njano na upungufu wa damu vimetibiwa kana kwamba ni maradhi manne yaliyogongana kwenye mtoto mmoja. Ukiyaandika yote kwenye ukurasa mmoja, na tarehe zake, yanafanana sana na ugonjwa mmoja: selimundu, ambayo wengi wanaiita sikoseli. Kwa barua hatuwezi kuthibitisha, damu ndiyo itakayosema. Ila mtoto huyu asipewe mseto mwingine bila kupimwa selimundu.

Umri wenyewe unaashiria. Hemoglobini ndiyo inayobeba hewa ndani ya chembe nyekundu za damu. Mtoto huzaliwa na hemoglobini ya tumboni, ambayo haina kasoro hata kama amerithi selimundu. Kuanzia miezi 5 au 6 ile ya tumboni inapungua na ya kwake inachukua nafasi. Chembe nyekundu zikikosa hewa ya kutosha zinajikunja kama mundu, zinakuwa ngumu, zinaziba mishipa midogo na kupasuka kabla ya wakati. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, ya selimundu mara nyingi haifiki 20. Kupasuka huko ndiko kunakoleta unjano wa macho na damu kushuka.

Viganja navyo vina sababu yake. Kwa mtoto mdogo, vifupa vya vidole bado vinatengeneza damu ndani yake. Mishipa ikiziba humo, mfupa unakosa damu, unauma na nyama ya juu inavimba. Hudumu siku chache hadi wiki 2, kisha inapoa yenyewe, na ndiyo maana kila dawa aliyopewa wakati huo ilionekana imemponya. Baada ya miaka 4 uvimbe wa namna hii unakuwa nadra.

Si kila uvimbe ni huo. Bonyeza mgongo wa mguu kwa kidole gumba, hesabu hadi 5, achia. Kikibaki kishimo na mtoto hakulia, fikiria utapiamlo au figo, hasa kama uso pia unavimba asubuhi. Mtoto wa selimundu atapiga kelele kabla hujabonyeza sawasawa. Na ukivimba mguu mmoja tu, mahali pamoja, pakawa na moto na homa haishuki, huenda ni usaha kwenye mfupa: hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa hiyo malaria ya kila mwezi. Kipimo cha haraka kinachotumika sana kwetu hakitafuti mdudu, kinatafuta protini anayoiacha. Mdudu akishakufa, protini inaweza kubaki kwenye damu wiki 2, 4, hata zaidi. Mtoto aliyemaliza mseto tarehe 1 akipimwa tarehe 20, kipimo kinaweza kuonyesha mstari wa malaria bila malaria mpya. Akiwa ametibiwa ndani ya mwezi mmoja, omba damu isomwe kwa hadubini. Usije ukapuuza malaria, lakini: ikimpata mtoto wa selimundu ni hatari kweli, na chandarua kwake ni cha kila usiku, kiangazi na masika.

Kipimo gani uombe

Vipo vya aina mbili, na wazazi wengi huishia kwenye cha kwanza. Kuna cha kuangalia kama chembe zinajikunja: tone la damu huchanganywa na dawa na kutazamwa kwenye hadubini. Ni rahisi na kipo hata vituo vya afya. Kasoro yake ni kwamba kinasema "ndiyo" kwa mgonjwa na kwa mbebaji mzima pia, hakitofautishi. Kwa mtoto mchanga wa chini ya miezi 6 kinaweza hata kusema "hapana" naye anao. Kinachotoa uamuzi ni kile cha kutenganisha aina za hemoglobini, ambacho majibu yake huja kwa herufi: AA hana, AS anabeba lakini si mgonjwa, SS ni mgonjwa. Usiondoke na karatasi iliyoandikwa "chanya" peke yake. Uliza: ni AS au SS?

Kama mtoto ameongezewa damu, mwambie mpimaji kabla. Damu ya mtu mwingine inaficha majibu kwa karibu miezi 3. Wakati mnasubiri, kuwapima wazazi wote wawili kunasaidia.

Anzia hospitali ya wilaya, na kama hawana kipimo hicho omba rufaa ya Mwanza, Bugando, ambako kliniki ya selimundu ipo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, hamna tena kungoja kivuko na mtoto mwenye homa mgongoni. Beba kitabu cha kliniki na ule ukurasa wa tarehe: siku homa ilipoanza, kiungo kilichovimba, dawa aliyopewa, kiwango cha damu.

Wakati unasubiri majibu

Maumivu kwanza. Parasetamoli ya maji inayouzwa sana ina miligramu 120 kwa kila mililita 5. Mtoto wa kilo 10 apewe mililita 6, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya nyumbani havilingani, kimoja kinashika 3 na kingine 7, na hapo ndipo dawa "inapokataa kufanya kazi". Asprini usimpe. Kiungo kinachouma kifunikwe kwa kanga iliyopashwa joto kidogo. Barafu na maji baridi vinabana mishipa na kuongeza maumivu, na kuogeshwa maji baridi alfajiri ni moja ya vitu vinavyoamsha maumivu yenyewe.

Vinywaji: kwa kilo 10, lita 1 kwa siku ukijumlisha maziwa, uji mwepesi na supu, na zaidi akiwa na homa au kuhara. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, ama anakunywa kidogo ama damu inavunjika kwa kasi.

Zile chupa 3 ziweke pembeni kwanza. Dawa nyingi za kuongeza damu ni madini ya chuma. Kwenye selimundu damu haipungui kwa kukosa chuma. Chembe zinapasuka, na chuma chake kinabaki humo humo mwilini. Chuma apewe tu kama kipimo kimeonyesha kimepungua. Anachohitaji mwili unaotengeneza damu usiku na mchana ni foliki asidi.

Majibu yakisema SS

Penisilini V ndiyo dawa ya kwanza, na ndiyo inayoachwa mapema kuliko zote, kwa sababu anapewa mtoto asiyeumwa. Kwa umri wa mwanao ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, yaani nusu ya kidonge cha 250, kila siku mpaka atimize miaka 5 angalau. Bandama, ambayo huchuja vijidudu kwenye damu, huharibika mapema sana kwa watoto hawa, na kijidudu cha nimonia kinaweza kummaliza mtoto ndani ya siku moja. Chanjo ya nimonia ya wiki 6, 10 na 14 hakikisha imekamilika kwenye kitabu.

Ya pili muulize daktari kwa jina: haidroksiyurea. Inaufanya mwili urudie kutengeneza ile hemoglobini ya tumboni. Inaweza kuanzishwa kuanzia miezi 9, kwa kawaida miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo, kwa hiyo wako ni kati ya 150 na 200 kwa siku. Kapsuli nyingi ni za 500. Usifungue na kugawa unga mezani, mfamasia akuandalie. Mjamzito asiushike kabisa. Mwanzoni damu hupimwa kila mwezi, na nafuu huonekana baada ya miezi 3 hadi 6, si wiki ya kwanza.

Ile 6.8 isikunyime usingizi kupita kiasi. Watoto wengi wa SS hukaa kati ya 6 na 9 hata siku wanazocheza. Omba apimwe akiwa mzima, andika namba hiyo kwenye jalada la kitabu kwa kalamu ya wino. Daktari wa zamu akiona imeshuka kwa 2 au zaidi kutoka hapo, atajua kuna jambo.

Jifunze pia kushika bandama. Mtoto alale chali baada ya kunyonya, magoti yakunjwe, tumbo lilegee. Weka vidole vyako bapa upande wa kushoto chini, usawa wa kitovu, panda polepole kuelekea mbavuni kila anapovuta pumzi. Ukikutana na ukingo mgumu kiasi kama ncha ya pua, hesabu vidole vingapi kutoka mbavuni. Fanya mara moja kwa wiki, na kila siku akiwa na homa. Bandama inaweza kufyonza damu nyingi ndani ya saa chache: tumbo linajaa, midomo na viganja vinapauka, anapumua haraka, analegea. Hapo usingoje kupambazuke.

Haraka hiyo hiyo ni kwa homa ya 38.5 na kuendelea, kupumua kwa shida au maumivu ya kifua, degedege, mdomo kwenda upande, au mkono mmoja kukosa nguvu. Parasetamoli mpe, lakini mpe mkiwa njiani.

Na la mama mkwe. Kanda ya Ziwa, takriban mtoto mmoja kati ya 5 wanaozaliwa ana AS, na kama 12 katika kila 1,000 ni wagonjwa. Hakuna kitanda kilicholaliwa kinyume cha mila kinachobadilisha hemoglobini. Ukiweza, nenda na mama mkwe hospitali, ayasikie mwenyewe. Chale juu ya bandama zikatalie kabisa: ni jeraha kwa mtoto asiyeweza kupambana na vijidudu.

SWALI: Mtoto wetu wa kwanza ni SS. Mimi na mke wangu hatujawahi hata kulazwa, ukoo wangu hauna ugonjwa huu. Ndugu wananiambia nifikirie vizuri kama mtoto ni wangu. Na je, kwa kuwa mmoja tayari anaumwa, watatu wanaofuata watakuwa salama?
*Baba, Tabora*

JIBU: Mbebaji wa AS haumwi, kwa hiyo ukoo unaweza kuibeba vizazi vingi bila kujua. Mtoto awe SS, kwa kawaida lazima S moja itoke kwa baba na nyingine kwa mama. Badala ya kukutilia shaka, majibu hayo yanaelekea kukuunganisha naye. Pimeni wote wawili. Kikitoka kipimo kinachoonyesha wewe ni AA, kirudieni kwenye maabara nyingine kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo.

Hesabu ya "mmoja ameshaumwa, watatu wamepona" si kweli. Rusheni sarafu mbili: kupata vichwa viwili ni mara 1 kati ya 4, na sarafu hazikumbuki zilivyoanguka mara iliyopita. Kila mimba ni asilimia 25 upya. Atakayefuata apimwe mapema, asingoje avimbe vidole.

SWALI: Mjukuu wangu wa miaka 6 ana sikoseli. Kila usiku anakojoa kitandani, babake anamchapa. Tumepunguza maji kuanzia saa kumi jioni.
*Nyanya, Kilifi*

JIBU: Maji mrudishieni leo, nyanya. Ugonjwa huu huharibu ule uwezo wa figo wa kukaza mkojo, kwa hiyo anatoa mkojo mwingi na mwepesi hata akinyimwa maji, na kumnyima ndiko kunakomletea maumivu ya mifupa. Watoto wengi wa sikoseli hukojoa kitandani kupita umri wa wenzao. Mwamsheni mara moja, kama saa tano usiku, aende msalani, tandikeni plastiki chini ya shuka, na abadilishwe upesi asilale na baridi ya nguo mbichi. Akianza kuhisi uchungu anapokojoa, au mkojo una damu, apelekwe kupimwa. Babake aonyeshwe jibu hili.