Madereva wapya wa trela, miraa hailali kwa niaba yako

Juzi usiku nilikuwa Mlolongo nangoja mizani, mbele yangu nikaona kijana ambaye mimi mwenyewe ndiye nilimfunza kurivasi na trela. Shavu la kushoto limefura, chingamu za Big G kwa dashibodi, kopo la enaji drinki mkononi. Ananiambia ametoka Mombasa, hajalala tangu juzi, na anapiga moja kwa moja mpaka Malaba, mpakani na Uganda. Nikamuuliza atalala wapi. "Mzee, niko na handas, usingizi siusikii hata kidogo."

Handas ni ule mchangamko wa miraa. Hayo maneno niliwahi kuyasema mimi, vile vile, kwa hivyo leo naandika na nyinyi mtasoma mpaka mwisho.

1. Kutosikia usingizi si kulala. Kwa miraa kuna kitu inaitwa kathinoni, ni ndugu wa karibu wa amfetamini, inaamsha ubongo kwa nguvu, moyo unaenda mbio, presha inapanda, njaa inakatika. Lakini deni la usingizi haijaligusa. Ni kama umebandika selotepu juu ya taa ya tempricha, taa huioni lakini enjini inachemka tu. Na ukisinzia sekunde 4 ukiwa kwa 80, trela imekwenda karibu mita 90 bila dereva. Pigeni hesabu wenyewe.

2. Taniboi, yule msaidizi wako wa gari, akisema tulale, laleni. Hii ndiyo imenifanya nishike simu.

Ilikuwa 2011. Tulikaa kwa laini ya bandari siku mbili, kulala ni kwa kuibia, dakika kumi hapa dakika kumi pale, na bosi anapiga simu kila saa. Taniboi wangu alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, miaka 22, alikuwa ameanza kazi miezi mitatu tu na dada alinikabidhi yeye kwa mdomo wake, akasema nirudishie huyu. Tukatoka Mombasa saa moja jioni na kontena la futi 40. Mariakani nikanunua muguka, aina ya miraa ya majani, ya kutosha, nikaongeza kahawa, nikaongeza enaji drinki, nikajiambia Nairobi ni asubuhi.

Voi tulipita vizuri. Mtito Andei kijana akasema mjomba, hapa kuna nafasi ya kupaki, tupumzike kidogo. Nikamwambia mimi niko sawa. Na kweli nilijiona niko sawa, hapo ndipo ubaya wake uko, nilikuwa naongea sana, namhadithia mambo ya zamani, mkono uko mwepesi kwa gia, nilijiona dereva hodari kuliko siku zote. Makindu akasema tena. Nikamkaripia. Mnajua vile handas ikianza kugeuka mtu anakuwa mkali bila sababu, taya limekaza, mate yameisha, kila neno linakuudhi. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, na akanyamaza.

Tulipokaribia Emali, kama saa kumi alfajiri, nikakanyaga breki ghafla. Punda walikuwa wanavuka barabara, niliwaona, wa kijivu, wamefuatana. Kijana akauliza mjomba ni nini, nikasema punda. Akaangalia mbele, akaniangalia mimi, akasema mjomba hakuna punda.

Na hakukuwa na punda. Hapo mtu mwenye akili zake angeweka trela pembeni. Mimi nilichukua majani yaliyobaki nikayatia mdomoni yote.

Baada ya Sultan Hamud sikumbuki. Nakumbuka sauti tu, changarawe chini ya magurudumu, halafu kichwa cha trela kimelalia mtaro upande wa kushoto, na upande wa kushoto ndio alikuwa amekaa yeye. Mguu ulivunjika mahali pawili. Tulingoja karibu saa nzima kabla hajatolewa, na hiyo saa nzima alikuwa ananiuliza mimi kama nimeumia. Mimi sikuwa na hata mkwaruzo. Macho yalikuwa wazi kabisa, moyo bado unadunda kama ngoma, na siku hiyo yote hospitalini sikuweza kulala, nimekaa kwa benchi natetemeka, majani bado yananikesha baada ya kuniangusha. Dada yangu alipofika hakunipigia kelele. Alikaa upande ule mwingine wa benchi.

Mpwa wangu anatembea leo lakini anachechemea, trela hajapanda tena. Bado ananiita mjomba kwa upole ule ule, na hapo ndipo panaponiuma mpaka leo.

3. "Ni majani tu, ni ya asili." Tumbaku pia ni majani. Tena ya asili maana yake hakuna aliyekupimia dozi. Miraa ikitoka Maua kule Meru inafungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa barabarani usiku kucha, kwa sababu ikipita siku mbili hivi nguvu imepungua sana, kathinoni imevunjika. Sasa kijana ananunua ya jana, haioni ikifanya kazi, anaongeza, kesho anapata fresh anatafuna kiasi kile kile na moyo unataka kutoka nje. Ati pia serikali imeruhusu. Imeruhusu kuuza, haijakuruhusu kubeba tani 26 ukiwa unaona punda. Na mkipangiwa Namanga au Lunga Lunga kagueni kebini yote kabla, Tanzania miraa wanaiita mirungi na ni dawa za kulevya, hakuna kujieleza.

4. Msichanganye. Miraa na kahawa na enaji drinki ni vitu vitatu vyote vinasukuma moyo mmoja. Na ule mchezo wa kushusha handas na pombe ili ulale, acheni, hapo moyo unavutwa huku na huku. Kuna mwenzetu, mtu wa miaka arobaini na kitu, alianza hivyo mara moja kwa wiki, ikawa kila safari, akawa hawezi kulala bila chupa wala kuamka bila kitita cha miraa. Ukisikia kifua kinabana au mkono unakufa ganzi simama, nenda hospitali na umwambie daktari ukweli umetafuna nini, hakuna atakayekushtaki.

5. Ya haraka haraka. Kunyweni maji. Kuleni kabla, maana ukianza kutafuna hutakula tena, na choo nacho kitakuwa vita. Kahawa ya jioni nusu yake bado iko mwilini masaa matano baadaye. Ukizidiwa njiani paki mahali salama, kunywa kahawa, lala dakika 20, utaamka ikianza kufanya kazi, lakini hiyo ni ya kukufikisha kwa kitanda, si kukufikisha Malaba. Sheria yenyewe inasema masaa 8 ya kuendesha ndani ya 24, bosi akikusukuma zaidi mwambie akutumie hiyo amri kwa meseji, utaona vile atanyamaza.

Na wewe wa Mlolongo, unajijua. Nambari yangu unayo. Ukifika mahali macho yamekuwa mazito, paki, nipigie saa yoyote, bosi wako nitaongea naye mimi.