Kobe mgeni mwacheni: yaliyonifika mimi na Karafuu

Juzi usiku, watoto wameshalala, niliingiwa na ujumbe wa dada mmoja anayeishi Milton Keynes, hapa Uingereza. "Dada, nimemnunulia mwanangu kobe, leo siku ya nne hajatia kitu mdomoni. Amelala tu. Dukani wananiambia ndiyo kawaida yake wakati wa baridi. Nifanyeje?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2019, na yule niliyeambiwa kuwa amelala, kumbe anakufa.

Sisi tunakaa Coventry. Binti yangu wakati ule ana miaka saba, na kila siku ananililia mnyama wa kufuga. Mbwa ndani ya nyumba tunayosalia hatukumtaka. Paka naye akimsogelea tu, mtoto macho yanamvimba. Kobe nilimjua, au nilidhani namjua. Utotoni Unguja, sikukuu ya pili au ya tatu, baba alikuwa akituvusha kwa mashua hadi kisiwa cha Changuu kuwatazama kobe wakubwa, wale waliotokana na wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Tukiwalisha mchicha kwa mkono, wakinyoosha shingo, tukiwakuna. Basi kwangu mimi kobe akawa mnyama wa kukunwa na kulishwa na kila apitaye. Sikufikiri kuwa kobe wa Changuu ana uzito unaoshinda gunia la mchele na jua la Unguja mgongoni mwaka mzima, na huyu ninayemnunua mimi ni kobe wa Hermann, asili yake kusini mwa Ulaya, bado mdogo wa kuenea kiganjani, na namwingiza katika nyumba ya Uingereza mwezi wa Oktoba.

Tulimwita Karafuu. Duka liliniuzia na tangi la kioo, taa moja ya joto na mfuko wa randa za mbao, nikaambiwa hayo yanamtosha.

Jioni ile ile nyumba ilijaa watu. Wifi yangu alikuja na wanawe, majirani wakaja, kila mtoto akambeba, kila mtu akapiga naye picha. Akamkojolea wifi mkononi, sote tukacheka. Sasa najua kwamba kobe akishikwa na hofu humwaga maji aliyoyaweka kibofuni, na yale ndiyo akiba yake ya kumweka hai. Tulimmwagisha akiba usiku wa kwanza, halafu bakuli la maji tulilomwekea lilikuwa na ukingo mrefu asiweze kuufikia.

Nikampa tango, nyanya, vipande vya tikiti, na spinachi kila siku kwa kumbukumbu ya Changuu. Alikuwa akitembea kutwa akikwaruza kioo, nami nikifurahi kuwa amechangamka. Kobe haelewi kioo. Anaona njia mbele yake, anaishika, haipiti, anarudia tena mpaka anachoka. Wiki ya tatu akafumba macho. Nikapiga simu dukani, nikajibiwa kwamba analala usingizi wa baridi, nimwache. Wiki ya nne mapovu yakamtoka puani. Daktari wa wanyama aliniuliza swali moja tu: chini ya taa kuna nyuzi ngapi? Sikujua. Sikuwa hata na kipimajoto.

Alikufa Alhamisi. Binti yangu hakulia mbele yangu, aliniuliza tu, "Mama, si ulisema unawajua?" Swali hilo mpaka leo linaniuma kuliko pesa zote zilizopotea.

Zaidi ya mwaka sikutaka kusikia habari ya kobe. Mwaka 2021 nikaelekezwa kwa mzee mmoja Mwingereza anayewazalisha nyumbani kwake. Nilipomwendea hakunipa. Alinitaka kwanza nijenge makazi, niwashe taa wiki nzima pasipo mnyama ndani, na nimwandikie joto la asubuhi, la mchana na la usiku. Nilichukia, mtu mzima napewa kazi kama mtoto wa skuli. Leo namshukuru kila nikipita mbele ya lile boksi.

Ni boksi la mbao, wazi juu, urefu wake zaidi ya mita moja, kuta zake za mbao, haoni kitu cha nje. Ndani udongo usiotiwa mbolea uliochanganywa na mchanga, kina cha vidole vinne ili ajifukie. Upande mmoja taa ya joto, chini yake nyuzi 32 hivi, na upande wa pili nyuzi 20 hadi 22, achague mwenyewe wapi pa kukaa. Juu taa ya miale ya UVB, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, saa kumi na mbili kwa siku, maana bila miale hiyo chokaa ya chakula haiingii kwenye mifupa na gamba linalegea. Msiseme jua la dirishani litatosha. Kioo kinaizuia miale hiyo. Na taa yenyewe hubadilishwa karibu kila mwaka hata kama bado inawaka, kwa sababu mwanga hubaki na miale ikaisha. Chungu cha maua kilichopasuka kimelazwa ubavu, hicho ndicho chumba chake. Sahani ya maji ni fupi kama kisahani cha kikombe.

Ndipo yule mzee akanipa kobe wa pili. Jina alimpa mama yangu kwa simu. Alipoona picha akasema, "Huyo kama tunda la shelisheli bichi." Basi Shelisheli.

Siku ya kwanza aliingia chunguni asitoke. Ya pili hakula. Ya tatu binti yangu akaanza kunitazama, nami moyo unanidunda, natamani kumtoa nimwone. Sikumgusa ila kumwogesha tu. Kila asubuhi nilimweka maji vuguvugu yanayomfika kidevuni, robo saa, kisha nikamrudisha, basi. Siku ya tano alitoka mwenyewe, akasimama chini ya taa, akang'ata jani la dandelioni, lile jani la maua ya njano linaloota katika kila ufa wa njia hapa, chungu na lenye utomvu mweupe kama mchunga wetu. Sote wawili tulikuwa tumeshikana mikono.

Jumapili iliyopita mizani ya jikoni imesema gramu 340. Alikuja na gramu 58. Najivunia, sifichi.

Ndugu zangu, sisi tumelelewa kwamba mgeni hukumbatiwa, hulishwa vizuri, huonyeshwa watu. Kobe mgeni mwacheni. Wiki mbili za mwanzo asibebwe, asipigwe picha, asipitishwe mkono kwa mkono. Mpeni joto, maji na mahali pa kujificha, mkae kitako mtazame. Tikiti na mkate msimpe. Na mkinunua, dai cheti cha serikali cha kuruhusu auzwe: hapa Uingereza kobe wa Hermann haruhusiwi kuuzwa bila hicho. Mimi kwa Karafuu nilipewa risiti tu, nikaridhika.

Wengine mnaniandikia kutoka nyumbani kwamba huko kobe ni wa bure, unamwokota porini. Msiwaokote. Kumfuga mnyama wa porini bila kibali ni kosa, na kobe bapa wa kwenye miamba ya Kenya na Tanzania amechukuliwa sana na wafanyabiashara wa wanyama wa kufuga, hata mwaka 2019 ikabidi biashara yake ya kimataifa ipigwe marufuku.

Dada yangu wa Milton Keynes, usingoje duka. Usiku huu mtoe kwenye baridi. Kesho asubuhi weka kipimajoto chini ya taa, mahali mgongo wake unapofika, si ukutani. Mwogeshe maji vuguvugu, mrudishe, funga mlango wa chumba, mwambie mwanao asimwinue. Mtazame pua. Ukiona povu, au akihema mdomo wazi, nenda kwa daktari anayetibu kobe siku hiyo hiyo. Halafu niandikie umepata nyuzi ngapi. Nitakuwa macho.